Mpango wa safari ya kujifungua: mwongozo kamili kwa familia zinazoishi mbali na hospitali

Katika Kitabu cha Mama na Mtoto, ambacho kila mjamzito hupewa kliniki, mna ukurasa wa mpango wa kujifungua. Nimeusoma ukurasa huo katika nyumba nyingi za Mtongwe, Jomvu na Mwakirunge, hapa Mombasa, na mara nyingi penye nafasi ya usafiri hukuta neno moja tu: "tuktuk". Tuktuk hiyo ni ya nani, inalala wapi, ina mafuta saa nane za usiku au haina, na ikifika penye feri itapita vipi, hayo hayakuandikwa. Familia hiyo imefunga mkoba wa nguo za mtoto tangu mwezi wa saba wa mimba na inaamini kuwa imejiandaa.

Mwongozo huu unahusu yale ambayo mkoba hauyabebi. Kipimo chetu kitakuwa saa mbili, kwa sababu mwanamke aliyejifungua salama, kisha akaanza kuvuja damu nyingi, anaweza kufariki ndani ya muda huo asipopata matibabu. Dakika nyingi kati ya hizo hupotea nyumbani, kabla gari halijawashwa. Kila hatua hapa chini inakusudia kuzirudisha dakika hizo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kusanya vitu hivi mimba ikiwa na miezi sita, wala usingoje wa tisa.

- Kitabu cha Mama na Mtoto, chenye kundi la damu, kiwango cha damu na vipimo vya presha vilivyojazwa.
- Kitambulisho cha mama na cha mume, pamoja na uthibitisho wa kusajiliwa na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali.
- Karatasi moja ngumu na kalamu ya wino usiofutika kwa maji.
- Simu yenye salio, chaja ya akiba na tochi.
- Pesa taslimu za safari, mbali na zilizo kwenye simu, kwa sababu mtandao hukatika na dereva wa usiku hatakopesha.
- Leso nne au tano zilizofuliwa na kuanikwa juani, pedi za uzazi, na karatasi ya nailoni ya kutandika.
- Nguo za mtoto, kofia na blanketi.
- Majina ya madereva watatu, wachangiaji damu wanne, na mtu mmoja atakayebaki na watoto.

Majina hayo ndiyo yanayochukua muda, na ndiyo watu huyaacha mwisho. Anza nayo.

## Hatua ya 1: Ipate tarehe kwa hesabu moja

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Mei inakupa tarehe 17 Februari ya mwaka unaofuata. Watoto wengi hawazaliwi siku hiyo hasa. Kuzaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42 ni jambo la kawaida.

Kosa moja la huku kwetu linahitaji kutajwa. Akina mama wengi huikumbuka hedhi kwa mwezi wa Kiislamu: "niliingia hedhini Mfunguo Tatu, siku chache baada ya Idd." Kumbukumbu hiyo ni nzuri, na mara nyingi ni ya uhakika kuliko kubahatisha tarehe ya kalenda ya ukutani. Tatizo huja mtu anapohesabu miezi tisa ya mwandamo, kwa sababu miezi hiyo tisa ni siku 266 hivi, ilhali mimba huhesabiwa siku 280 tangu hedhi ya mwisho. Familia huanza kungojea wiki mbili kabla ya wakati, na wakati wenyewe unapofika imechoka kungoja, dereva amekwenda matanga Kaloleni, na akiba imekwisha kutumika. Mwambie muuguzi siku unayoikumbuka kwa namna unavyoikumbuka, aigeuze yeye. Picha ya mimba ikipigwa kabla ya wiki ya 24 itasaidia kuisahihisha.

Utajua umefaulu ikiwa tarehe iliyo kitabuni na ile iliyo kichwani mwa mama mkwe ni moja.

## Hatua ya 2: Chagua kituo kwa kuuliza maswali manne

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, mara ya kwanza kabla mimba haijatimiza wiki 12. Ziara hizo si za kupigwa muhuri tu. Humo ndimo inamogunduliwa presha iliyofika 140/90, kiwango cha damu kilichoshuka chini ya gramu 11 kwa desilita, na malaria ambayo huku Pwani haina msimu wa kupumzika. Mama hupewa vidonge vya madini ya chuma, dawa ya kukinga malaria na chandarua. Vimezwe na kitumiwe.

Zahanati iliyo karibu inatosha kwa uzazi usio na matatizo, iwapo ina mkunga aliyesomea anayepatikana usiku. Lakini haina chumba cha upasuaji. Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha, mwenye damu ndogo sana, aliyevuja damu uzazi uliopita, au ambaye mtoto wake amekaa vibaya, asipangiwe zahanati hata ikiwa iko mlangoni.

Nenda kwenye kituo mnachokusudia, ukiwa mzima na mchana kweupe, ukaulize haya:

1. Je, kuna mkunga usiku wa manane na siku za mwisho wa wiki?
2. Je, upasuaji hufanyika usiku, au chumba hufungwa jioni?
3. Je, damu huwekwa hapa, au hufuatwa kwingine?
4. Ikibidi rufaa, gari la wagonjwa hutoka wapi, na hulipiwa na nani?

Usione haya kuuliza. Wauguzi wengi hufurahi kuulizwa, kwa kuwa wao ndio hubaki na mgonjwa mikononi pale mpango unapovunjika. Majibu yaandikwe, pamoja na namba ya simu ya wodi ya uzazi. Kwa eneo letu rufaa nzito huishia Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, iliyo kisiwani. Basi anayeishi Likoni au ng'ambo ya kaskazini ajue tangu leo kwamba huenda akalazimika kuvuka.

Onyo. Usichague kituo kwa sababu jirani alijifungulia hapo salama. Jirani hakuwa na presha yako.

## Hatua ya 3: Kateni shauri kabla ya uchungu

Hapa ndipo mipango mingi hufa, nami nitakaa hapa kidogo.

Mume yuko melini, au Doha, au kwenye lori njia ya Malaba. Mama mkwe yuko nyumbani lakini hataki kuonekana ameamua peke yake. Shangazi anasema uchungu wa mimba ya kwanza huchukua siku mbili na hakuna haja ya haraka. Kila mmoja anamheshimu mwenzake, na katika heshima hiyo saa tatu zinapita. Niliwahi kukaa kwenye kibaraza cha nyumba moja ambamo watu wazima saba walikuwa wakingoja simu moja kutoka ng'ambo, na mjamzito ndani amevimba uso na anasema haoni vizuri. Hakuna aliyemtakia mabaya. Hakukuwa na aliyepewa ruhusa tu.

Kwa hiyo fanyeni kikao kimoja, mimba ikiwa na miezi saba, mume akiwepo au akiwa kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu ili wote wamsikie. Mambo manne yasemwe kwa maneno ya wazi:

- Dalili yoyote iliyo katika Hatua ya 8 ikitokea, tunaondoka bila kungoja simu ya mtu.
- Fulani, kwa jina, ndiye anayeamua usiku huo. Asipokuwepo, ni fulani wa pili.
- Mtu huyo ana ruhusa ya kutumia pesa zilizowekwa, zote.
- Daktari akisema upasuaji, hakutakuwa na kikao kingine.

Juu ya hilo la mwisho, ifahamike kwamba mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayekubali upasuaji wake na kutia saini. Saini ya mume haihitajiki. Ni vyema mume aseme hivyo mwenyewe mbele ya mama yake, kwa sababu neno lake litamtoa mkewe katika mzozo akiwa kitandani.

Mkunga wa jadi wa mtaa naye aalikwe kwenye kikao. Katika mitaa yetu bibi huyo ndiye anayeitwa kwanza, mpende msipende, na akiachwa nje ya mpango ataanza wa kwake. Mpeni kazi ya kweli: awe msindikizaji wa mama hadi hospitalini, amshike mkono, na awe wa kwanza kusema "twendeni". Neno hilo likitoka kinywani mwake, hakuna shangazi atakayelipinga.

Utajua umefaulu ikiwa utamwuliza mtoto wa miaka kumi wa nyumba hiyo, "Mama akiugua usiku nani anaamua?", naye akakutajia jina bila kufikiri.

## Hatua ya 4: Karatasi na pesa

Jisajilini SHA mapema kwa kupiga *147#, na mhakikishe mke na watoto wameingizwa. Asiye na ajira ya mshahara hukadiriwa mchango wake, ambao haupungui shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Kujisajili peke yake bila kulipa hakutoshi kwa huduma za kulazwa hospitalini, na familia nyingi huligundua hilo dirishani.

Hata hivyo pesa zisimzuie mtu kuondoka. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kariri namba ya kifungu hicho.

Akiba ya safari iwekwe kidogo kidogo, kwenye chama au kwa mtu mwenye amana, na kiasi chake kitokane na nauli halisi ya usiku utakayoipata katika Hatua ya 6, wala kisiwe cha kukadiria.

## Hatua ya 5: Watu wanne wa damu

Mama atapimwa kundi la damu katika ziara ya kwanza ya kliniki. Liandikwe kwenye karatasi ngumu. Ikiwa ni hasi, na hasa O hasi, waambieni hospitali mapema, kwa maana mama wa O hasi anapokea O hasi tu, na kundi hilo ni adimu kwetu.

Watu hudhani damu ya ndugu hutolewa kwenye mkono na kuingizwa kwa mgonjwa papo hapo. Sivyo. Damu hupimwa kwanza virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na C na kaswende, na kazi hiyo huchukua muda ambao mama anayevuja hana. Kinachomwokoa ni chupa iliyokwisha kupimwa na kulala kwenye friji. Ndiyo sababu wawili kati ya wanne wachangie mimba ikiwa na miezi minane, na wawili wabaki akiba kurudishia kitakachotumika. Damu nzima huhifadhiwa wiki tano hivi, na mwanamume aliyechangia hatakiwi kuchangia tena kabla ya miezi mitatu. Wote wanne wakitoa siku moja mmebaki bila mtu.

Mchangiaji awe na miaka kati ya 16 na 65, uzito usiopungua kilo 50, awe amekula na asiwe mgonjwa. Mwezi wa Ramadhani wachangie baada ya kufuturu, kama kituo kiko wazi, au kabla ya mfungo kuingia.

## Hatua ya 6: Gari, njia na maji

Andika madereva watatu, kila mmoja akiwa na namba ya simu, mahali anapolala na bei ya usiku mliyokubaliana. Watatu ni kwa sababu wa kwanza simu itakuwa imezimwa na wa pili atakuwa na abiria. Bodaboda asiwe kwenye orodha hiyo isipokuwa kwa kazi ya kumfuata dereva mwingine. Mama anayevuja damu, anayezirai au aliyeanza degedege hawezi kukaa juu ya pikipiki, hata akibanwa katikati ya watu wawili. Tuktuk inafaa kwa safari fupi na uchungu wa kawaida. Kwa dharura tafuta gari ambalo kiti cha nyuma kinamruhusu kulala ubavu.

Mwenye gari lililopo mtaani si lazima awe dereva wa teksi. Mwenye probox ya kusambaza mikate, mwalimu wa madrasa, jirani wa gari la kokoto: watu hawa hukubali wakiombwa mapema, na huchukia kugongewa mlango usiku na mtu wasiyemjua. Waombeni mchana, kwa heshima, mkiwa na mzee wa mtaa. Mafuta ni juu yenu, si juu yake.

Wanaoishi Likoni, Mtongwe na Shika Adabu wawe na njia mbili kichwani. Ya kwanza ni feri, ambapo gari la wagonjwa hupewa nafasi ya mbele. Gari la kawaida lililobeba mjamzito halijulikani kwa macho. Kwa hiyo msindikizaji ashuke kabla ya foleni, aende kwa askari au mfanyakazi wa feri akaseme, na dereva awashe taa za dharura. Ya pili ni barabara ya Dongo Kundu inayotokea Miritini kwa madaraja, bila kupanda feri. Kwa kilomita ni ndefu, lakini magurudumu yanazunguka, na usiku ambao feri imeharibika ndiyo itakayomfikisha mtu. Kabla ya yote ulizeni kama hospitali ya upande wenu inaweza kumhudumia, kwa maana kuvuka bila haja ni kupoteza muda.

Wanaoishi Mwakirunge na vijiji vya ndani ya Kisauni wahesabu mvua. Barabara ya udongo inayopitika Februari haipitiki Mei, masika yakiwa yamekolea. Ikiwa tarehe inaangukia Aprili hadi Juni, jibu lenu ni kuhama mapema, si kutafuta gari kubwa zaidi.

Wanaoishi visiwani, kama wa vijiji vya Wasini na Mkwiro katika kisiwa cha Wasini huko Kwale, dereva wao wa kwanza ni nahodha. Kisiwani hamna magari, na boti la kuvukia Shimoni hutegemea maji. Yakiwa yamekupwa, boti hukaa mbali na nchi kavu, na mama hubebwa kupita kwenye matope na miamba hadi kulifikia. Nimeona watu wanne wakimbeba mmoja kwenye kitanda cha kamba, kila hatua wakitafuta pa kukanyaga, na mwenye tochi akitangulia. Nahodha mzuri anajua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanapobadilika kidogo, bila kutazama daftari. Mwombeni awaandikie saa za maji kupwa kwa wiki ya 37 hadi ya 42, na karatasi hiyo iwekwe pamoja na nyingine. Gari la kuwapokea Shimoni na kuwapeleka Msambweni nalo lipangwe, kwa sababu kufika gatini usiku bila gari ni kama hamjavuka.

Kwa wote hawa, njia iliyo salama kuliko zote ni kuhamia karibu na hospitali mimba ikifika wiki ya 37 au 38. Desturi yetu ya binti kwenda kwao kujifungua inaweza kusaidia hapa, au ikadhuru. Ikiwa kwao ni Majengo au Kongowea, aende kwao. Ikiwa kwao ni ndani zaidi kuliko alikoolewa, mama mzazi ndiye afunge safari amfuate bintiye mjini.

Onyo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu iwe kwenye karatasi, lakini isiwe mpango wenu wa pekee. Gari linalotoka mjini linahitaji muda kuwafikia, na muda huo unakatwa kwenye zile saa mbili.

## Hatua ya 7: Fanyeni jaribio la usiku

Usiku mmoja wa mwezi wa nane wa mimba, bila kumwambia dereva siku, mpigieni simu saa tatu za usiku. Anzeni kuhesabu dakika tangu simu ya kwanza. Si lazima mama mwenyewe asafiri. Aende mume au msindikizaji, hadi lango la hospitali, na arudi.

Watu huona hili ni kichekesho, na wengi huliruka. Wale waliolifanya wamegundua mambo ambayo hakuna kikao kingeyafichua: kwamba lango la mtaa hufungwa kwa kufuli usiku na mwenye ufunguo ni mgonjwa wa kusikia, kwamba dereva wa kwanza haoni vizuri gizani, na kwamba lango la dharura la hospitali haliko pale wanapolijua.

Utajua umefaulu ikiwa kutoka simu hadi lango ni chini ya saa moja. Ikizidi, rudini Hatua ya 6 mfikirie kuhama.

## Hatua ya 8: Jueni dalili za kuondoka

Orodha hii ibandikwe nyuma ya mlango. Ikitokea moja tu, ondokeni:

- Damu yoyote kutoka ukeni wakati wa mimba, hata isiyouma.
- Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba.
- Degedege au kupoteza fahamu.
- Homa kali, au kupumua kwa shida.
- Mtoto kupunguza kucheza au kuacha.
- Chupa kupasuka kabla ya uchungu, au maji kuwa ya kijani.
- Uchungu kuzidi saa 12.
- Kondo kutotoka ndani ya nusu saa baada ya mtoto kuzaliwa.
- Baada ya kujifungua, pedi moja kulowa yote ndani ya dakika tano, au damu inayoendelea kwa wingi.

Kuhusu degedege nina neno. Wapo watakaosema ni jini, na atatafutwa wa kumsomea. Kifafa cha mimba hutokana na presha, na kina dawa ya sindano ambayo vituo vya uzazi huitumia kila siku. Simzuii mtu kusoma. Dua isomwe garini.

## Hatua ya 9: Njiani

Mama alale ubavu wa kushoto, asilale chali, ili mimba isibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Nailoni itandikwe chini na leso juu yake. Msindikizaji apigie wodi simu: jina, umri wa mimba, tatizo, kundi la damu, na dakika zilizobaki kufika.

Akipata degedege, mlazeni ubavu na mwondoe vitu vinavyoweza kumwumiza. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimshikilie kwa nguvu, msimpe maji.

Mtoto akizaliwa njiani, mkausheni mara moja, mlazeni kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikeni wote wawili. Kitovu kisikatwe kwa wembe wa mfukoni; kinaweza kungoja. Kondo lisivutwe hata kidogo. Likitoka lenyewe, liwekwe kwenye mfuko lipelekwe hospitalini likakaguliwe.

Damu ikivuja kwa wingi baada ya kondo kutoka, weka kiganja chini ya kitovu cha mama na usugue tumbo kwa mzunguko, kwa nguvu, hadi uhisi mji wa mimba umekaza kama ngumi. Mtoto anyonye. Mama akojoe kama anaweza, kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mji kujikaza. Usiingize kitambaa ukeni. Leso zilizolowa zisitupwe dirishani: wahudumu wakiziona watajua damu kiasi gani imepotea, jambo ambalo hakuna msindikizaji anayeweza kulikadiria kwa maneno.

## Hatua ya 10: Langoni na wodini

Msiseme "tumeleta mgonjwa". Semeni tatizo: "mjamzito wa wiki 36, ametokwa na damu tangu saa saba, kundi ni B chanya." Kitabu kiwe mkononi, si chini ya mkoba. Mkielekezwa kwanza kwenye dirisha la malipo, mmoja aende huko na kitambulisho, na mama aendelee mbele na mwingine. Ndiyo maana wasindikizaji wawe wawili.

Mkipewa rufaa, ulizeni mambo matatu kabla ya kuondoka: hospitali inayopokea imepigiwa simu? Barua imeandikwa dawa alizopewa na saa? Muuguzi anafuatana nasi? Baada ya kujifungua mama akae kituoni saa 24 hata akijisikia mzima, kwa sababu kipindi hicho ndicho chenye hatari kubwa ya kuvuja.

## Hatua ya 11: Arobaini

Madaktari hukihesabu kifo cha uzazi hadi siku ya 42 baada ya mimba kwisha, na wazee wetu walimweka mzazi ndani siku arobaini. Hesabu hizo mbili zinakaribiana sana, na desturi hiyo ina faida: mzazi anapumzika, anapikiwa na kulishwa, hachoti maji. Ubaya wake ni kwamba chumba kimefungwa, na wageni huambiwa mzazi amelala. Homa ya siku ya tano, yenye uchafu unaonuka na tumbo linalouma, huitwa baridi, na mzazi huongezewa kitambaa cha moto.

Kumkanda mzazi kwa maji ya moto kunamliwaza mwili, lakini hakuponyi maambukizi na hakuzuii damu. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo kabisa. Na presha inaweza kupanda baada ya kujifungua kwa mama ambaye hakuwa nayo kabla, kwa hiyo kichwa kinachouma sana katika siku hizo kipelekwe kupimwa, kisipakwe dawa ya kuchua tu.

Anayemkanda mzazi ndiye anayemwona kila siku bila nguo. Mfundisheni mambo manne ya kuangalia: joto la mwili, harufu, wingi wa damu, na mguu mmoja uliovimba kuliko mwingine. Mhudumu wa afya ya jamii naye aruhusiwe kuingia na kipimo chake cha presha. Ziara za kliniki ni ndani ya saa 48, kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na kati ya ya nne na ya sita. Kutoka nje kwa ajili hiyo hakuvunji arobaini ya mtu.

Madereva watatu wasiambiwe kazi yao imekwisha hadi siku hiyo ya 42 ipite. Karatasi ibaki nyuma ya mlango.